Rupia ya Mjerumani haina zebaki

Mhariri,

Mimi ni sonara hapa Ngamiani, Tanga. Kila mara hutokea mtu na rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni, kwenye fundo la kitambaa, akaninong'oneza: "Fundi, hebu itazame, ina zebaki?" Madalali wamemwambia inavuta punje za mchele, na kwamba yuko tajiri Dar es Salaam anayeilipia mamilioni. Ila kwanza mwenye mali atoe hela ya kipimo. Akishaitoa, simu ya dalali haipatikani tena.

Rupia ile ina uzito wa gramu 11.66. Katika sehemu 1,000, fedha ni 917 na iliyobaki ni shaba ya kuikaza. Basi. Fedha haishiki sumaku, wala shaba. Ukiona imenasa, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi.

Zote zina picha ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Wajerumani, na kofia yake ya vita yenye tai juu (kofia ya kujisumbua, kwa joto letu hili). Geuza nyuma. Ukiona simba na mnazi, hiyo ni ya kampuni ya Kijerumani iliyotawala mwanzo; hizo zilipigwa kati ya 1890 na 1902. Za kuanzia 1904 ni za serikali ya Kijerumani yenyewe, nazo zina alama ndogo ya mji zilikopigwa: A ni ya Berlin, J ya Hamburg. Inayotafutwa hasa na wakusanyaji ni ya rupia mbili, ya 1893 au 1894. Hiyo usikubali ipimwe kwa gramu kama chakavu, na tafadhali usiisugue kwa jivu na limau ing'ae. Mkusanyaji akiona imesuguliwa, anashusha bei papo hapo.

Zilizotobolewa hawazitaki kabisa. Mimi ndizo ninazoziweka na siziyeyushi, kwa kuwa tundu lile lilitobolewa ili rupia ikae shingoni mwa bibi wa watu siku ya harusi, Kaiser akining'inia kati ya shanga.

Ombi langu kwako, Mhariri: yale matangazo madogo ya "nanunua rupia ya Mjerumani yenye zebaki" yasipokelewe gazetini. Na wasomaji, yeyote atakayewadai hela ya kipimo, mwambieni aje na mizani na sumaku, apime mbele yenu, bure.

Sonara,
Ngamiani, Tanga