Ukakasi

Pinhão, Ureno
Septemba

Salome mwenzangu,

Salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la stesheni, nasubiri treni ya kurudi Porto, na kucha zangu za miguu bado ni za zambarau. Hizo kucha nitakueleza. Kwanza lawama: ulisema safari hii ya waandishi wa mvinyo ni ya kula na kunywa tu, nami nikakuamini, nikaja na daftari moja. Lilijaa juzi.

Njia yenyewe ingetosha kuwa safari. Treni inaondokea São Bento, stesheni ambayo kuta za ukumbi wake zimejaa vigae vya buluu vyenye picha za vita na wafalme. Ukizubaa kuvitazama unaachwa. Ukija siku moja, kaa upande wa kulia. Mwanzoni huoni cha maana, halafu ghafla mto Douro huo hapo chini ya dirisha, na milima imechongwa ngazi juu ya ngazi, kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Udongo karibu haupo. Mwenyeji wetu aliokota kipande cha mwamba akakivunja kwa vidole kama biskuti. Mwamba huo una matabaka yaliyosimama wima, na mizizi ya mizabibu hupenya katikati yake kufuata maji huko chini.

Kuna ngazi nyingine zimeota vichaka na mizeituni. Wanaziita mortórios. Karne ya 19 alikuja mdudu wa filoksera akala mizizi, na hata dawa ilipopatikana, yaani kupandikiza mizabibu ya Ulaya kwenye mashina ya Kimarekani, baadhi ya wenye mashamba hawakuwa na nguvu ya kuanza tena. Nilizitazama hizo kuliko zile zilizostawi.

Sasa waandishi. Picha uione: saa tatu asubuhi, watu wazima na miwani yao, wanatema kwenye ndoo. Kutema ni ufundi, mama. Wazoefu wanatoa mstari mmoja mwembamba unaoingia ndooni bila kelele. Mimi nilitemea kola yangu mwenyewe, blauzi nyeupe. Mzee aliyekaa jirani yangu alinisogezea leso bila kugeuza uso, na kwa adabu ile tu nimemsamehe hotuba yake ya baadaye. Ilikuwa ndefu! Kiini chake ni kwamba mwaka 1756 Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa mfalme wa Ureno, aliamuru eneo hili liwekewe mipaka, na nguzo za mawe zikasimikwa, kwa sababu wajanja walikuwa wakiharibu jina la mvinyo wa hapa kwa kuuchakachua, hata kwa kuutia rangi ya matunda ya porini.

Lakini ninachotaka kukuambia ni kingine. Siku ya pili tulionja mvinyo mwekundu mchanga wa zabibu za Touriga Nacional, na kila mmoja alitakiwa aseme unavyokaa mdomoni. Mmoja akasema velveti, mwingine akasema vumbi la chaki. Zamu yangu inakaribia, nami nakumbuka ugomvi wetu: mimi naandika "tanini", neno la kigeni la kile kinachokausha mdomo kwenye mvinyo, wewe unalikata kwa kalamu nyekundu, mimi nalirudisha. Nikafungua mdomo, likatoka lako. Ukakasi.

Wakauliza ni nini. Nikasema ni ile hali ukiuma ndizi mbichi, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. Meza nzima ikanyamaza, watu wanajipitisha ulimi kwenye fizi. Mmoja akaomba nimwandikie herufi zake. Sikuwaambia kwamba kwetu siku hizi wanasiasa wamelichukua, kila suala bovu "lina ukakasi".

Basi, kucha. Jioni tulivua viatu tukaingia kwenye lagar, birika pana la mawe lililojaa zabibu hadi mapajani. Mnashikana mabega, mnapanga mstari, mnakanyaga kwa hesabu, kushoto, kulia, polepole, bila kuzungumza. Chini ni vuguvugu, kisha unakanyaga mahali penye baridi unashtuka. Baadaye ndipo muziki unapigwa na kila mtu anacheza apendavyo. Juisi hiyo haiachwi ichachuke mpaka mwisho: humiminiwa pombe kali ya zabibu, ya asilimia 77 hivi, hamira inakufa na sukari inabaki. Ndiyo port hiyo, mvinyo mtamu na mkali wa hapa. Nilisugua miguu kwa sabuni mara tatu, na bado naonekana kama niliyekanyaga wino.

Treni naisikia. Makala naianza upya humo humo, na kurasa zangu zote za nyuma nitazipitia mwenyewe kabla hujaziona. Ikinipita "tanini" hata moja, kalamu nyekundu unayo.

Wako,
Neema