Kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba prosesa imekubali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya wiki iliyopita kuhusu kuipandisha kasi prosesa ya zamani, yaani ubongo wa kompyuta, kazi ambayo wapenzi wa kompyuta wanaiita ovakloki. Mwandishi wako amefanya jambo jema kuwakumbusha watu kwamba kompyuta ya mezani iliyopita miaka kumi bado ina nguvu iliyolala. Ila kuna sentensi moja siwezi kuiacha ipite. Ameandika kwamba kompyuta ikiwaka na kufungua programu zako za kila siku, basi ujue prosesa imeikubali kasi mpya. Na mimi niliamini hivyo, na imani hiyo imenipotezea kitu nisichoweza kukirudisha.

Prosesa yangu ni Core i5-2500K, iliyotolewa na Intel Januari 2011. Kiwandani ilipangiwa gigahezi 3.3, na yenyewe hujipandisha hadi 3.7 pale kiini kimoja tu kinapofanya kazi. Kasi yake ni zao la namba mbili: saa ya msingi, yaani mpigo unaoongoza kazi zake, ya megahezi 100, mara kizidishi. Ile herufi K mwishoni ndiyo ruhusa ya kukigusa kizidishi, mradi ubaomama, yaani bao kuu la kompyuta, uwe wa aina inayokubali, kama P67 au Z68. Nilikitoa 33 nikakipeleka 46, yaani gigahezi 4.6, nikapandisha volteji hadi 1.38, nikawasha. Ikawaka. Video zikacheza, michezo ikaenda laini kuliko nilivyowahi kuiona. Kwa wiki tano haikuzima hata mara moja.

Wiki hizo tano ndizo nilizokuwa nahamisha sauti ya marehemu baba kutoka kwenye kanda za kaseti. Kila kanda niliirekodi kwenye kompyuta, nikaibana kuwa faili la FLAC, aina inayopunguza ukubwa bila kupoteza sauti, kisha nikafuta rekodi kubwa ya mwanzo ili kuokoa nafasi. Programu ya kubana ina chaguo la kujikagua inapoandika, lakini sikuliwasha. Faili la FLAC hubeba ndani yake alama ya MD5 ya sauti asilia, ili siku yoyote uweze kulifungua na kuhakikisha kwamba kilichotoka ndicho kilichoingia. Nilipokuja kuyapima yote 41, matatu yalikataa.

Mawili niliyarekodi upya. La tatu kanda yake ilikuwa imeshakatika na utepe kujikunja ndani ya kinasa. Katika faili hilo baba anataja ukoo wake, mzazi kwa mzazi, na anapofika kwa bibi yake mzaa baba unasikika mlio mkali, kama ukuni mkavu unaopasuka, usiozidi sehemu ya kumi ya sekunde. Silabi ya katikati ya jina imemezwa. Nimewauliza wakubwa waliobaki katika familia. Mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile.

Mhariri, muda wote huo kompyuta haikuniambia kitu. Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wako walielewe. Prosesa inaposukumwa kupita uwezo wa volteji yake, ishara fulani ndani yake huchelewa kufika kabla ya mpigo unaofuata wa saa, na mahali palipotakiwa kusomwa moja panasomwa sifuri. Kosa likiangukia kwenye amri ya mfumo, skrini ya bluu inakuja, mara nyingi na namba 0x124, nawe unajua una tatizo. Likiangukia kwenye takwimu, picha au sauti, kazi inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi wanaiogopa skrini ya bluu. Mimi natamani ningeiona wiki ya kwanza.

Kwa hiyo prosesa inapimwa kwa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tangu mwanzo. Programu maarufu kwa kazi hiyo ni Prime95, iliyoandikwa na George Woltman kwa ajili ya mradi wa kusaka namba tasa za Mersenne (zile zilizo pungufu kwa moja ya kipeo cha mbili) ulioanza mwaka 1996. Msako huo hufanya hesabu mfululizo, kila hatua ikitegemea iliyotangulia, na kosa moja la siku ya pili linaharibu jibu la wiki nzima. Ndiyo maana waliweka ndani ya programu kipimo cha kuikagua mashine yenyewe. Majibu ya kuzidisha yanatakiwa kuangukia karibu sana na namba kamili. Yakikaa katikati kabisa ya namba mbili kamili, mashine haijui tena iende juu au chini. Nilipoiendesha kwenye 4.6 yangu ile niliyoisifu, kiini kimoja kilisimama ndani ya dakika sita na ujumbe kwamba tofauti imefika 0.5 wakati ilitakiwa iwe chini ya 0.4. Viini vitatu vingine viliendelea. Kioo kilikuwa kimetulia, kipanya kinatembea, muziki unacheza. Nilikaa pale nikiutazama ule mstari mmoja, nikawaza wiki zangu tano.

Kosa langu la pili lilikuwa kufikiri kwamba dawa ni volteji tu. Nguvu inayoliwa na prosesa na kugeuka joto hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba. Pigeni hesabu wenyewe: ukitoka gigahezi 3.3 kwenye volti 1.20 ukafika 4.6 kwenye 1.38, umeongeza karibu asilimia 84. Ukiishia 4.2 kwenye 1.25, umeongeza kama asilimia 38 tu, na kasi uliyoiacha haifiki hata sehemu moja ya kumi. Na prosesa yenye joto hukosea mapema zaidi, hivyo ukiiongezea volteji bila kuipoza unajirudisha ulikotoka.

Nilipofungua kipozeo nilikuta ile grisi ya kupitisha joto imekauka na kubanduka vipande kama rangi ya dirisha lililochomwa na jua. Niliifuta kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa, nikaweka tone jipya kama punje ya mchele, nikapuliza vumbi lililoziba mapezi. Nilipopima tena bila kugusa namba yoyote, nyuzi 91 zilishuka hadi 77. Kazi hiyo ilitakiwa iwe ya kwanza kabla sijafungua ukurasa wowote wa bayosi, pale mipangilio ya msingi ya kompyuta inapowekwa, na kwenye makala yenu haikutajwa kabisa.

Kuna ushauri mwingine wa makala ile unaohitaji kurekebishwa haraka: kupandisha saa ya msingi kidogo kidogo. Ulikuwa sahihi kwa prosesa za kizazi cha Core 2. Moja yao, Q6600 ya mwaka 2007, ilikuwa na 266 mara 9, ukiipa 333 unapata gigahezi 3.0, na watu wengi walifanya hivyo. Kwa kizazi cha 2500K saa hiyo ya megahezi 100 ndiyo inayoendesha pia njia ya kadi za PCI Express na ya diski. Ukiisogeza asilimia chache tu, unahatarisha hata usomaji wa diski yenyewe. Iacheni kwenye 100, mguse kizidishi.

Hata baada ya kushuka hadi 4.2 na kupita usiku mzima wa Prime95, mashine yangu iliganda asubuhi nikiwa naandika barua tu. Nilihangaika siku mbili kabla ya kugundua kwamba nilikuwa nimepanga volteji kwa kupunguza kutoka kwenye kiwango ambacho prosesa hujipangia yenyewe, na punguzo hilo hufanya kazi hata prosesa ikiwa imepumzika na volteji iko chini tayari. Kwenye kazi nzito ilikuwa nayo ya kutosha, kwenye utulivu ikaishiwa. Anayepima kwa kazi nzito peke yake hajamaliza kupima. Aiache kompyuta imewaka bila kazi usiku kucha, aiwashe ikiwa ya baridi, aitumie kwa vitu vidogo vidogo.

Na tafadhali watu wasinakili namba za mwaka 2011. Prosesa huzeeka, na kasi ileile inaweza kudai volteji zaidi leo kuliko ilipokuwa mpya. Kapasita za ubaomama na za pawasaplai nazo zimechoka. Hata prosesa mbili za jina moja hazilingani uwezo. Mimi sasa napandisha kizidishi hatua moja, napima, naandika kwenye daftari kasi, volteji, joto na saa zilizopita bila kosa. Kumbukumbu ya kompyuta (RAM) naiacha kwenye kasi yake ya kawaida, na naipima peke yake kwa programu ya Memtest86+, ili kosa likitokea nijue limetoka wapi. Na mpaka vipimo viishe, hakuna faili la maana linaloandikwa na mashine hiyo.

Namwomba mwandishi wako, kama atairudia mada hii, aieleze Prime95 kabla ya kueleza kizidishi. Yangu iko 4.2 kwenye volti 1.25, na mstari wa mwisho katika daftari ni wa Jumapili: saa 14, nyuzi 71, hakuna kosa. Kanda zilizobaki ni tisa. Safari hii rekodi za mwanzo sizifuti.

Msomaji wako wa miaka mingi