Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka 2024

Ndugu wanachama, wastaafu wenzangu wa sekta ya afya, nanyi mliobakiza miaka michache kazini,

Wakubwa zangu shikamooni. Hesabu za chama atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitasema zaidi juu ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kwa sababu ndicho kilichotukosesha usingizi mwaka mzima.

Mnakumbuka Agosti 2018, mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Kanuni mpya zikaleta mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja unapostaafu huku inayobaki ikilipwa kila mwezi, wa asilimia 25, watumishi wakapaza sauti, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Kwetu tuliotoka PSPF na LAPF, tuliokuwa tukihesabu nusu kwa nusu, lilikuwa pigo. Kisha Juni 2024, Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, akatangaza bungeni kwamba walioshushwa kutoka 50 watapata asilimia 40, na waliokuwa 25 watapata 35.

Watu walishangilia, nami nilifurahi. Lakini usiku ule nilichukua kalamu. Chukueni muuguzi mwenye miaka 30 kazini, wastani wa mshahara wake shilingi milioni moja kwa mwezi. Miezi yake 360 unaigawa kwa 580, kigawanyo cha kanuni, unazidisha kwa mshahara wa mwaka: pensheni kamili ya mwaka inakuja kama milioni 7.45. Izidishe mara 12.5, miaka ambayo kanuni inakadiria mstaafu ataishi, unapata milioni 93.1. Asilimia 33 yake ni milioni 30.7; asilimia 40 ni milioni 37.2. Sasa tazameni upande wa pili: pensheni yake ya mwezi inashuka kutoka kama 416,000 hadi kama 372,000. Nyongeza ya mkupuo imetoka mfukoni mwake mwenyewe. Akijaliwa kuishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, ndipo anaanza kupoteza.

Ndiyo maana kamati yenu imekataa kuimba asilimia peke yake. PSPF ya zamani iligawa kwa 540, si 580, na ilizidisha mara 15.5, si 12.5. Huko ndiko fedha zetu zilikopungulia, na hoja hiyo ndiyo tuliyoiwasilisha kwa mbunge wetu na kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Tutaendelea nayo.

Kuna maneno yaliyosemwa mwaka huu yaliyonikera: kwamba wastaafu wakiongezewa, dawa zitapungua hospitalini. Mstaafu na mgonjwa wasigombanishwe. Mfuko wa pensheni unakula michango ya walioko kazini, asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Zahanati ikikaa na muuguzi mmoja mahali panapohitaji wanne, mgonjwa anaumia na mfuko unakosa wachangiaji watatu. Serikali yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na hatujafika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, na imetaja hata vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, vikiwemo vinywaji vyenye kaboni, pombe na michezo ya kubahatisha. Kadi hiyo itampeleka mwananchi dirishani. Nyuma ya dirisha lazima awepo mtu, na mtu huyo naye atazeeka.

Niwaeleze la dada yetu mmoja, mkunga aliyekaa wodi ya wazazi miaka 34. Alikuja kwangu Machi na mfuko wa nailoni: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, hati za mishahara zilizofifia wino. Barua ya kupanda daraja la mwisho haikuwemo, na ofisi aliyoitegemea ilimzungusha miezi kadhaa, kila safari "njoo wiki ijayo". Katibu wetu alikaa naye asubuhi tatu wakipekua majalada mpaka nakala ikaonekana kwenye faili la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Amelipwa. Aliponipigia simu hakuweza kusema, alilia tu, nami nikamsubiri.

Kwa hiyo kamati imeamua: kila mwanachama aliyebakiza miaka miwili kufika 60, au anayetaka kutoka kwa hiari kuanzia 55, alete nakala za barua zake zote kwa Katibu kabla ya mwisho wa Machi. Tutazikagua moja moja na kulinganisha michango na taarifa ya mfuko. Asiye na hati ya mshahara ya mwezi wowote aandike mwezi huo kwenye karatasi, hata kama ni wa mwaka 1999. Katibu atakuwepo kila Jumanne asubuhi.