Kuzuia Kovu Kugandana na Koo Baada ya Upasuaji wa Tezi ya Thairoidi

Wengi wanaofika kwetu baada ya kufanyiwa upasuaji wa tezi ya thairoidi wameshaambiwa kwamba kidonda kimepona, na kwa kweli mshono wao huonekana safi. Kinachowasumbua ni kwamba kila wanapomeza, ngozi ya mbele ya shingo huvutwa juu pamoja na kikoromeo, kana kwamba kuna uzi uliosahaulika ndani. Ukisimama mbele ya kioo na kunywa funda la maji, utaona kovu likipanda na kubonyea katikati badala ya kutulia mahali pake. Hapo tishu za ndani zimegandana.

Ili kuifikia tezi, daktari mpasuaji hukata ngozi na msuli mwembamba ulio chini yake, kisha huitenganisha misuli mirefu inayopita mbele ya koo. Kwa kawaida tabaka hizi huteleza moja juu ya nyingine. Baada ya upasuaji, damu na majimaji yanayobaki katikati yake hufanya utando wa fibrini, yaani protini inayogandisha damu, na mwili usipouyeyusha mapema, nyuzi za kolajeni, protini imara inayojenga kovu, hujijenga humo na kuzifunga pamoja tabaka zilizopaswa kuachana.

Kinga huanzia kwenye chumba cha upasuaji, ambako mengi hutegemea kushika tishu kwa upole na kudhibiti damu isivuje. Baadhi ya madaktari huweka kati ya tabaka jeli au utando wa asidi ya hayaluroniki au wa selulosi, ambao baadaye hufyonzwa na mwili. Matokeo ya tafiti kuhusu bidhaa hizi hayafanani, kwa hiyo daktari asiyezitumia hajakosea. Ni swali la kumuuliza kabla ya siku ya upasuaji.

Kwa maoni yetu, linaloharibu zaidi ni woga. Mgonjwa huogopa mshono usifumuke, akakaa wiki nzima ameinamisha kidevu, na shingo iliyotulia hivyo huzipa tabaka nafasi ya kushikana. Daktari wako akishakuruhusu, na mara nyingi huruhusu ndani ya siku chache za mwanzo, geuza kichwa polepole kulia na kushoto, kilaze upande mmoja kisha wa pili, zungusha mabega, na hatimaye inua uso kidogo. Mazoezi mafupi yanayorudiwa mara kadhaa kwa siku yanafaa kuliko zoezi moja la nguvu.

Kukanda kovu husubiri hadi kidonda kifunge kabisa na magamba yaishe, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 3. Weka vidole viwili juu ya kovu, vibonyeze kiasi, kisha isogeze ngozi yenyewe juu, chini na pembeni. Mafuta mengi hapa hayasaidii, kwani vidole huteleza juu ya ngozi huku tabaka za chini zikibaki zilivyo. Ngozi ikishazoea, ishikilie kuelekea chini kwa upole huku ukimeza mate, ili koo lipande bila kuivuta. Plasta za silikoni tunazo na zinasaidia kulainisha uso wa kovu, ila hatumuuzii mtu kwa ahadi kwamba zitaachanisha tishu za ndani.

Si kila tatizo la shingo linatokana na kugandana. Uvimbe unaokua haraka au kupumua kwa shida, hasa katika saa 24 za kwanza, ni dharura ya hospitali. Ganzi inayochomachoma midomoni au vidoleni huenda ikaashiria upungufu wa kalsiamu, na sauti iliyokwaruza bila kupata nafuu inahitaji kuchunguzwa neva zake. Dalili hizi mrudishie daktari aliyekupasua kabla ya kuja kwetu.

Katika ziara ya kwanza tunakagua kovu ukiwa umetulia na ukiwa unameza, tunapima mwendo wa shingo, kisha tunakufundisha kujikanda mwenyewe nyumbani. Njoo na muhtasari wa upasuaji wako. Kovu huendelea kujipanga upya kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo tunawapokea pia waliopasuliwa miezi mingi iliyopita, ingawa kwao kazi huwa ndefu zaidi.