Wakitaka kuiga Souq Waqif, waige na mahamali

Mhariri,

Mimi ni mtu wa Lamu, dereva hapa Doha, Qatar. Kila nikipiga simu nyumbani nasikia watu wakitaka mitaa yetu ya kale ijazwe mikahawa, mfano ukiwa Souq Waqif, soko la kale la hapa Doha. Basi niseme ninachokiona nikienda huko Ijumaa jioni.

Soko hili lilikuwa limechakaa, na mwaka 2003 moto uliteketeza sehemu kubwa. Katika ukarabati, majengo ya kisasa yalibomolewa na mabati yakaondolewa. Kwa hiyo mengi ni mapya yaliyovishwa ukale, na mgeni haambiwi. Hilo halinipendezi.

Ila inua macho uone dari: boriti na mianzi, kama kwa nyanya yangu. Zamani majahazi yalileta Ghuba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, huku na kwetu vilevile.

Barabara kuu ni ya shisha na watalii, na kahawa yake siinywi, bei haishikiki. Ukiingia vichochoroni ndipo soko: masufuria makubwa ya pilau, viungo, vitambaa, vipanga wa kuwindia na hospitali yao wenyewe! Wazee mahamali wenye vizibao vyekundu bado wanasukuma matoroli.

Wakubwa wetu wakija ziarani, wawaulize hao wazee kwanza, kisha ndio wakae mkahawani.

Msomaji wako,
Doha