Tupewe vipimo vya maji yetu ya kunywa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nichangie jambo linalozikabili kaya nyingi za mijini kila siku: tunywe maji ya bomba, maji yaliyochujwa au maji ya chupa? Nilifanya kazi ya afisa afya hapa Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na majirani bado hunijia na swali hilo, hasa masika yanapoanza na redio kutangaza tahadhari ya kipindupindu. Wapo wanaochagua kwa kutazama weupe wa maji, wapo wanaochagua kwa ladha au kwa heshima ya chupa mezani, na wapo wanaosukumwa na hofu tu. Siwalaumu, kwa kuwa kitu ambacho kingewawezesha kuchagua kwa uhakika, yaani matokeo ya vipimo vya maji yanayofika mtaani kwao, hawakipewi. Hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na bomba. Maji mengi yanayotumika Dar es Salaam na katika miji jirani ya Mkoa wa Pwani hutoka Mto Ruvu na kusafishwa katika mitambo miwili mikubwa, Ruvu Juu iliyoko Mlandizi na Ruvu Chini iliyoko Bagamoyo, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya lita milioni 460 kwa siku. Maji ya mtoni hutiwa kwanza dawa ya kugandisha tope, kazi ileile ambayo bibi zetu waliifanya kwa shabu au kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Tope likishashikana hutuama, maji ya juu hupitishwa kwenye mchanga, na mwisho hutiwa klorini. Klorini hii huua vimelea vilivyosalia pale mtamboni, na kiasi chake hubaki ndani ya maji ili kuyalinda njiani, kilomita zote hizo hadi kwenye koki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Harufu ile ya dawa ambayo watu huilalamikia, na ambayo huwafanya wengine wakimbilie chupa, ndiyo dalili kwamba ulinzi huo bado upo.

Kipimo cha klorini ni rahisi, na natamani kila mwenyekiti wa serikali ya mtaa angekiona kwa macho yake. Unakinga maji kwenye kijichupa cha kioo, unatia kidonge kidogo cheupe, unatikisa, kisha unatazama. Klorini ikiwamo, maji hugeuka rangi ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Isipokuwamo, maji hubaki kama yalivyokuwa. Katika nyumba nyingi nilizopima niliona jambo moja likijirudia: maji ya bomba la uani, yanayotoka moja kwa moja kwenye mtandao, yaligeuka waridi vizuri, lakini maji ya koki ya jikoni, yaliyopitia kwenye simtanki lililo juu ya mnara, hayakubadilika hata kidogo. Ni nyumba moja, mita moja na maji yaleyale. Ukipanda juu na kufunua mfuniko, kama upo, unakuta mchanga na tope laini vimetuama chini, utando wa kijani umeshika kwenye kuta, na mara nyingine viluwiluwi vya mbu vinaelea. Klorini iliyosafiri kutoka Ruvu huishia hapo, imemalizwa na uchafu na joto la jua.

Tunahifadhi maji kwenye matangi kwa sababu ya mgawo, na mgawo una madhara mengine ambayo hayaonekani. Bomba linapokuwa na maji yenye msukumo, palipopasuka maji hutoka nje. Msukumo ukiisha, pale pale palipopasuka maji machafu ya ardhini hunyonywa kuingia ndani. Kila anayeishi katika mitaa iliyobanana ameona mipira ya plastiki ikikatiza ndani ya mitaro ya maji taka, imeungwa na kufungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na jiji kuingia katika mgawo mkali, kaya nyingi zilinunua maji ya maboza na ya mikokoteni bila kujua yametekwa wapi, na bomba liliporudi zilikinga yale ya mwanzo kwa furaha. Hayo ya mwanzo ndiyo yasiyofaa kabisa kunywewa. Yaachwe yapite, au yatumike kumwagilia na kudekia.

Kwa hiyo mtu wa Mbagala akiniuliza kama maji ya bomba ni salama, siwezi kumjibu kwa neno moja. Maji yaleyale yanaweza kuwa salama Jumatatu na yasiwe salama Alhamisi, yakawa salama kwenye bomba la uani na yasiwe salama jikoni.

Upande wa chupa nao una mengi ya kusemwa. Sipingi maji ya chupa. Msafiri, mgonjwa na mtu aliye mahali ambapo hakuna njia ya kutibu maji anayahitaji, na kiwanda kinachofuata viwango, chenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula na vinywaji, kinatuuzia kitu cha kuaminika. Lakini tuangalie hesabu. Chupa ya lita moja na nusu tunainunua kwa takriban shilingi 1,000. Kaya ya watu sita inayokunywa lita 12 kwa siku itahitaji chupa nane, yaani shilingi 8,000 kila siku na shilingi 240,000 kwa mwezi, fedha ambazo kwa kaya nyingi ni kodi ya nyumba na zaidi. Uniti moja ya maji ya bomba, ambayo ni lita 1,000, inacheza kati ya shilingi 1,500 na 2,000. Kiasi hichohicho kwenye chupa kingefika zaidi ya shilingi 660,000. Mama lishe akiambiwa na mtaalamu kwamba maji salama ni ya chupa tu, ameambiwa kwamba usalama si wa watu wa kipato chake, na hilo si kweli.

Tena si kila chupa ni ile iliyotoka kiwandani. Katika vituo vya mabasi zipo chupa zilizookotwa, zikajazwa upya na kufungwa kwa ustadi, na msafiri mwenye kiu hapati muda wa kukagua mfuniko. Maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki, nayo hufungwa kwa mikono ambayo haijulikani imeoshwa lini. Hata yale madumu makubwa ya lita 20 ya kwenye dispensa, ambayo ni nafuu kuliko chupa ndogo, yana tatizo lake: dumu huenda na kurudi kati ya kiwanda na wateja, na dispensa yenyewe katika ofisi nyingi haijawahi kufunguliwa ikasafishwa tangu iliponunuliwa. Pitisha kidole ndani ya koki yake uone huo utelezi.

Ni katika machujio ndipo ninapoona fedha za watu zikipotea zaidi, kwa kuwa wauzaji huyanadi kana kwamba yote yanafanya kazi moja. Chujio la mezani lenye mishumaa ya kauri huzuia tope na bakteria wengi, na kwa nyumba yenye maji yenye vumbi la bomba ni msaada mzuri, ili mradi mishumaa isuguliwe kwa brashi laini na kubadilishwa ikipasuka. Hata hivyo virusi ni vidogo mno, hupenya, na chumvi haiguswi kabisa. Chujio la mkaa maalumu linalofungwa kwenye koki huondoa harufu na ladha mbaya, lakini pamoja na harufu hiyo huondoa klorini, hivyo maji yanayotoka hapo yakikaa kwenye jagi siku mbili hayana tena kinga yoyote. Watu hulinunua wakidhani wameongeza usalama, kumbe wamelipia ladha. Mashine zinazosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba ndizo zinazoondoa chumvi, na kwa wenye visima vya maji chumvi vya ukanda wetu wa pwani zina maana, ila zinahitaji umeme, zinamwaga maji mengi kama taka ili kupata machache, na bei yake si ya kila mtu.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida. Huko, katika vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru, maji ya chemchemi ni meupe na matamu, lakini yana madini ya floraidi yanayozidi mara nyingi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya vijana wa Arumeru tumeyazoea kiasi cha kuyachukulia kama alama ya kuzaliwa, na wapo watoto ambao mifupa ya miguu yao imepinda. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Mishumaa ya kauri haisaidii. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika kwa miaka mingi na njia ya kupitisha maji kwenye mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hunasa floraidi, na Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha alitambuliwa mwaka 2015 kwa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio linaloweza kutengenezwa kulingana na tatizo la maji ya mahali husika. Hilo ndilo wazo ninalotaka tulishike: chujio huchaguliwa baada ya kujua kilichomo kwenye maji. Mkazi wa huko anayenunua chupa naye asome lebo, kwa kuwa kiasi cha floraidi huandikwa.

Kwa kaya isiyo na tatizo la floraidi wala chumvi, njia nafuu bado ni zilezile tulizohimiza wakati wa mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa sehemu kubwa ya nchi. Maji yachemshwe hadi yatokote vizuri kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wanaoishi kwenye miinuko inayozidi mita 2,000. Asiyemudu mkaa au gesi ya kuchemshia kila siku atumie dawa ya klorini, iwe ya kimiminika au ya vidonge, kwa kipimo kilichoandikwa, kwenye maji yaliyochujwa kwanza kwa kitambaa safi, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hata jua linasaidia: maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ikilazwa juani saa sita mfululizo, au siku mbili kukiwa na mawingu, hupoteza sehemu kubwa ya vimelea. Kisha yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Nimeona maji yaliyochemshwa kwa mkaa wa bei ghali yakiharibiwa dakika kumi baadaye na kikombe kilichochovywa ndani na mtoto aliyetoka chooni.

Sasa nirudi kwenye ombi langu. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na ndani yake mna asilimia ya sampuli zilizofaulu vipimo vya klorini, tope na bakteria wa kinyesi. Ni kazi nzuri, lakini imeandikwa kwa Kiingereza, hutoka baada ya mwaka kupita, na huzungumzia mamlaka nzima kwa ujumla. Mkazi wa Tandale hawezi kuitumia kuamua kama leo achemshe au asichemshe. Mamlaka za maji hupima maji. Sampuli huchukuliwa mitaani, na matokeo yapo kwenye daftari za maabara. Naomba yatolewe kila mwezi kwa kila kata, kwa Kiswahili, na yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, hata yanapokuwa mabaya. Naomba vilevile TBS itangaze majina ya maji ya chupa yaliyopimwa sokoni, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, ili anayelipa shilingi 1,000 ajue analipia nini.

Naziomba pia ofisi za umma zinazotuhimiza kuamini maji ya bomba ziweke majagi ya maji hayo, yakiwa yametibiwa na kupimwa, kwenye meza za mikutano yao mahali pa zile safu za chupa, kwa kuwa mwananchi hutazama kiongozi anakunywa nini kabla ya kusikiliza anasema nini.

Gharama isiwe kisingizio. Ankara ya maji sasa hutufikia kwa ujumbe wa simu, ikiwa na namba ya akaunti, uniti zilizotumika na deni. Katika ujumbe huohuo nafasi ipo ya kuongeza mstari mmoja unaotaja kata, tarehe ya sampuli na kiasi cha klorini kilichokutwa.

Afisa afya mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam