Rehema, kabla hujaenda kitaluni

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Picha zote nimeziona, na ile ya sebule nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Hongera, mwenzangu. Ukuta mweupe, dirisha kubwa la mashariki, na kochi la kijivu lililokugombanisha na shemeji wiki nzima kwa ajili ya bei. Kweli panadai majani. Lakini kwenye kona ya picha nimemwona paka wako Chausiku amejilaza mkekani, na nyuma yake mkia wa yule mtoto wa mbwa ambaye shemeji kamtoa Moshi. Ndiyo maana nakuandikia barua. Ujumbe mrefu wa simu wewe huusomi, nakujua, unateremsha kidole mpaka mwisho unajibu "sawa dear".

Unasema unataka mimea ya kupendeza isiyotaka kubembelezwa, usafiri wiki mbili urudi uikute hai. Ungekuwa wewe na shemeji tu ningekujibu kwa mstari mmoja. Tabu ni kwamba ile migumu inayouzwa kila kitalu, ambayo hata ukiisusa haifi, mingi yake haifi pia kwa sababu hakuna anayeila. Mbuzi anaipita, panzi anaipita. Paka wa ghorofani, ambaye hana pengine pa kwenda na kutwa hana kazi, ndiye asiyejua kuipita.

Mimi nilijifunza kwa paka wangu Kashata. Mwaka juzi niliingiwa na wazimu wa maua, nikanunua difenbakia, ile ya majani mapana yaliyonyunyiziwa weupe katikati, nikaiweka karibu na televisheni. Muuzaji nilimuuliza kama ina neno kwa paka, akanicheka. "Dada, paka anakula samaki, si majani." Siku ya tatu niko jikoni nakuna nazi, nasikia sauti kama ya mtu anayekohoa. Natoka, Kashata yuko chini ya meza, mate yanamtiririka mpaka kifuani, anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele kama anayetaka kuung'oa ulimi. Naangalia mmea, kwenye jani moja kuna alama za meno. Matundu mawili, Rehema! Mawili tu.

Nikampigia daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza: "Ni ng'ombe au mbuzi?" Nikamwambia ni paka. Akanyamaza kidogo, halafu, namshukuru, akauliza ya maana: katafuna nini, anapumua vizuri, mdomo umevimba kiasi gani. Akaniambia nimsuuze mdomo kwa kitambaa chenye maji, nimpe maziwa kidogo, nisithubutu kumtapisha kwa vidole wala kwa chumvi, na akianza kuhema kwa shida nimpeleke mbio. Jioni Kashata alikunywa maji, kesho yake akarudi kwenye wizi wake wa dagaa. Difenbakia nilimpa jirani asiye na mnyama wala mtoto mdogo.

Kilichonifungua macho baadaye ni magimbi. Unakumbuka tulivyokuwa tukiyaepua kabla hayajaiva, bibi anatufokea, na usiku koo linatuwasha? Ni kitu hichohicho. Difenbakia na gimbi ni ukoo mmoja, na ndani ya majani yao mna vijisindano visivyoonekana kwa macho, vya kalsiamu oksaleti. Mnyama akitafuna vinamchoma ulimi na ufizi. Sasa hesabu jamaa zake waliojaa vitaluni: mani planti inayotambaa ukutani, monstera ya majani yaliyotoboka, anthurium yenye ua jekundu linalong'aa kama plastiki, na spathiphyllum ya ua jeupe kama kijiko. Wote ni watoto wa gimbi. Kwa kawaida hawaui, ila wanatesa.

Na Zamioculcas naye ni wa ukoo huo, yule mwenye vijani vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Huyu kumkataa kunaniuma, maana ni wa kwetu kabisa. Anaota mwenyewe porini kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini, Zanzibar imo, halafu Waholanzi wakaanza kumzalisha kwa biashara miaka ya 1990, leo unauziwa kama kitu cha ng'ambo. Chini ana viazi vinavyotunza maji, ndiyo sababu ukimsahau wiki tatu hanuni. Kama mngekuwa na mbwa peke yake ningesema muweke juu ya kabati. Kwa Chausiku, kabati ni ngazi.

Sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama mapanga, yenye ukingo wa manjano, si ukoo wa magimbi lakini ina saponini, kitu cha kutoa povu kama sabuni, na mnyama akiila anatapika na kuharisha. Mshubiri vilevile, utomvu wake. Najua mama mkwe wako atakuja na chungu chake cha mshubiri na maelezo yake yote. Upokee kwa heshima, uuweke roshani ambako wanyama hawafiki.

Za kuumiza tumezimaliza. Za kuua ni nyingine, na kuna mbili nakuomba zisivuke mlango wako. Ya kwanza ni lili, yale maua makubwa ya mashada ya harusi yenye chavua ya rangi ya chungwa. Paka akila jani, au akijilamba ile chavua iliyomdondokea manyoyani, au akinywa maji ya chombo lilimokaa ua, figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Mtu akikuletea shada, lipekue mlangoni kabla hujamkaribisha ndani, ataelewa. Na ikitokea Chausiku kaligusa, usingoje dalili, siku hiyohiyo daktari. Ya pili ni saikasi, ile inayofanana na kinazi kifupi kigumu. Hiyo ni ya mbwa zaidi, anapenda kuitafuna, inaharibu ini, na mbegu ndizo kali kuliko vyote. Nakutajia kwa sababu kwenye picha yako ya getini naona mwenye nyumba ameweka vyungu viwili. Shemeji anapompeleka mbwa kukojoa, kamba iwe fupi pale.

Haya, nimekutisha vya kutosha.

Wa kuanza naye ni yule ninayemwita buibui, wa majani membamba ya kijani yenye mstari mweupe, anayening'iniza watoto wake kwenye uzi. Vitabuni ni Chlorophytum comosum. Hana sumu kwa paka wala mbwa, anavumilia kusahauliwa kwa kuwa mizizi yake ni minene na ina akiba ya maji, na kila mtoto ukimkata ukamtia kwenye glasi ya maji anaota mizizi. Onyo moja: Chausiku atampenda. Paka wanavichezea vile vining'inio kama panya, na akila majani mengi anaweza kutapika kidogo, si kwa sumu, ni majani tu yamemjaa. Mtundike. Na kama maji ya hapo kwenu ni ya kisima, yale ya chumvichumvi, ncha za majani zitakauka ziwe kahawia. Usidhani anaumwa ukamzidishia maji, utamwozesha. Mwagilia maji ya mvua ukipata.

Pale pembeni ya kochi weka areka. Si mpopoo wa tambuu, ingawa majina yanafanana. Hii asili yake Madagaska, ina vigogo vingi vyembamba vya manjano vinavyotoka pamoja. Ni salama kwa wote wawili na ndiyo itakayoijaza ile kona tupu. Inataka mwanga na udongo usiokauka kabisa, kwa hiyo ukisafiri umwombe mtu aimwagilie mara moja kwa wiki. Nisikudanganye, hii si ya kususa.

Ukiutamani mshubiri kwa umbo lake, kuna kidogo chake kinachoitwa haworthia, kina milia myeupe kama pundamilia, hakizidi ukubwa wa kikombe na hakina neno. Peperomia nayo ni hivyohivyo, majani manene, maji kila udongo ukikauka, basi. Jikoni weka mrehani. Salama, unanukia, na shemeji atauchuma kwenye pilau yake ya majaribio.

Lakini ninayemtaka mimi kwenye dirisha lako ni Saintpaulia. Huyo sijui kwa nini sisi wa Tanga hatujivuni naye. Ua dogo la urujuani, majani ya mviringo yenye manyoya kama sikio la mtoto wa paka. Ameanzia huku huku, kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara na kando ya Tanga. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyempeleka Ulaya, na 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akampa jina la huyo mkuu wa wilaya. Leo yuko kwenye madirisha ya vibibi dunia nzima, halafu msituni kwao anazidi kuwa adimu. (Usije ukasema nimemng'oa msitu wa Amani, kule Usambara. Wangu nilipewa jani na mama mmoja kanisani kwa dada yangu, nikaotesha mwenyewe.) Wanasayansi siku hizi wamemhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, mimi sijahama.

Huyu paka akimtafuna, hasara ni ya ua tu. Kumtunza ni jambo moja: usimwagie maji juu. Tone la maji baridi likikaa kwenye yale manyoya linaacha doa. Weka chungu kwenye kisahani chenye maji, kinywe nusu saa, halafu mwaga yanayobaki. Mwaga kweli, mbu wa dengi anataka kisahani kama hicho, na 2019 Dar mliona wenyewe. Jua la asubuhi kupitia pazia jepesi linamtosha, la mchana litamuunguza.

Kuhusu tabia za hao wawili. Chausiku anatafuna, kwa hiyo mpe chake: chukua kopo la maziwa, toboa chini, tia udongo, mwaga ngano isiyotiwa dawa, na kwa wiki moja hivi ana nyasi zake. Kashata tangu apate kopo lake anapita maua mengine kama hayaoni. Mbwa mtoto anafukua. Vyungu vya chini vifunike kwa kokoto kubwa, si changarawe ndogo atakazomeza, na usitie mbolea ya mifupa, atadhani umemzikia chakula. Zile kokoto zitamzuia Chausiku pia asigeuze areka kuwa choo.

Ukienda kitaluni usiende na jina peke yake, majina ya pale kila muuzaji ana lake. Piga picha ya mmea unitumie kabla hujalipa, nitakujibu hata nikiwa kwenye foleni ya samaki.

Jumatano mdogo wangu Salim anakuja Dar na basi la asubuhi. Nimempa boksi la viatu. Ndani kuna buibui watatu waliokwisha ota mizizi, na majani manne ya Saintpaulia nimeyafunga kwenye gazeti bichi. Mpokee stendi ya Magufuli pale Mbezi, usimwache azunguke nayo juani. Vikonyo vizike kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, sentimita mbili tu, na usiyachokonoe kila siku kuangalia kama yameota. Nakujua.

Msalimie shemeji, mkwarue Chausiku nyuma ya sikio.

Wako,
Mwanaisha